PDF kwenye Kompyuta: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ninayoulizwa tena na tena na watu wanaosoma, kujaza, kutuma na kuchapisha PDF kwenye kompyuta zao. Nimeyajibu kama ninavyomjibu mtu aliyeketi kando yangu, faili lake likiwa wazi kwenye skrini. Swali la kwanza usiliruke hata kama una haraka, kwa kuwa majibu mengi ya chini yanalitegemea.

PDF ni nini hasa, na inatofautianaje na faili la Word?

Faili la Word au la LibreOffice Writer huhifadhi maneno pamoja na maagizo: hiki ni kichwa, hii ni aya, hapa pana jedwali. Kila unapolifungua, programu hupanga mistari upya kwa fonti zilizomo kwenye kompyuta hiyo. Ndiyo maana barua iliyoishia vizuri chini ya ukurasa wa kwanza kwako, kwa mwenzako inamwaga mistari mitatu kwenye ukurasa wa pili.

PDF haipangi kitu. Upangaji umekwisha kufanyika, na faili linabeba matokeo yake tu: herufi hii ichorwe hapa, mstari huu uanzie pale, picha ikae juu kulia. Vipimo huhesabiwa kwa pointi, 72 kwa kila inchi, na ukurasa wa A4 ni takriban pointi 595 kwa 842, kompyuta iwe ya aina yoyote. Wazo hilo liliandikwa mwaka 1991 na John Warnock, mmoja wa waasisi wawili wa Adobe, katika maelezo mafupi ya mradi aliouita Camelot. Kero yake ilikuwa kwamba hati iliyotengenezwa kwenye kompyuta moja haikuweza kuonekana wala kuchapishwa vilevile kwenye kompyuta ya aina nyingine. Toleo la kwanza la PDF lilitoka mwaka 1993. Mwaka 2008 PDF ilifanywa kiwango cha kimataifa, ISO 32000-1, na tangu hapo si Adobe peke yake inayoamua PDF iweje.

Basi shika hili: PDF inajua kila herufi imekaa wapi. Mara nyingi haijui kwamba herufi hizo ni neno, wala kwamba maneno hayo ni aya moja. Vituko vingi utakavyokutana navyo, katika kunakili, kutafuta na kuhariri, vinatokea hapo.

Je, ni lazima niwe na Adobe Acrobat ili nisome PDF?

Hapana. Kivinjari chako kinatosha kwa usomaji wa kawaida: Chrome, Edge na Firefox zote hufungua PDF zenyewe, na Firefox imekuwa na kisomaji chake cha ndani tangu mwaka 2013. Kompyuta za Apple huja na Preview. Kwenye Linux utakuta Evince au Okular. Kwa Windows iliyochoka, yenye kumbukumbu ndogo, mimi hupendekeza SumatraPDF. Ni nyepesi, ni ya bure, na hufungua faili la kurasa mia nane bila kuhema. Acrobat Reader ya bure ina faida yake kwenye fomu ngumu na kwenye ukaguzi wa saini za kidijitali.

Weka mbili. Faili likigoma kwenye moja, lijaribu kwenye nyingine kabla hujamwambia aliyelituma kwamba ni bovu.

Nimepakua fomu, lakini ninachoona ni ukurasa mmoja unaoniambia nisubiri. Nimesubiri, hakuna kilichokuja.

Na hakitakuja. Fomu yako imetengenezwa kwa mtindo uitwao XFA, ambamo fomu halisi imefichwa ndani ya faili kwa lugha nyingine, na ule ukurasa wa kukuambia usubiri umewekwa kwa ajili ya visomaji visivyoielewa lugha hiyo. Vivinjari vingi na visomaji vidogo haviielewi. Hifadhi faili kwenye kompyuta, kisha lifungue kwa Acrobat Reader. Kiwango cha PDF 2.0 cha mwaka 2017 kiliuacha mtindo huo, ila fomu za zamani bado zimejaa kwenye tovuti za ofisi nyingi, na watu wanakosa tarehe za mwisho kwa sababu ya ukurasa huo mmoja. Kama wewe ndiye unayetengeneza fomu, tafadhali usiutumie.

Kompyuta inasema faili limeharibika. Linaweza kuokolewa?

Kwanza angalia kama kweli ni PDF. Lifungue kwa programu ya maandishi matupu kama Notepad na utazame mwanzo kabisa. PDF ya kweli huanza na herufi %PDF- zikifuatwa na namba ya toleo. Ukiona mambo ya HTML, ulichohifadhi ni ukurasa wa tovuti uliopewa jina la PDF, na mara nyingi ni ukurasa wa kukutaka uingie kwanza kwenye akaunti. Ingia, kisha pakua upya.

Kama mwanzo uko sawa, tazama mwisho. PDF huishia na %%EOF, na karibu na hapo ndipo ilipo faharasa inayosema kila kitu kiko wapi ndani ya faili. Kisomaji huanza kusoma kutoka mwisho huo. Ndiyo maana upakuaji uliokatika hata kidogo tu huliangusha faili zima: kurasa ziko, lakini faharasa haikufika. Dawa ya kwanza ni kupakua tena na kulinganisha ukubwa. Isipowezekana, programu ya bure iitwayo qpdf inaweza kuisuka faharasa upya kwa kutembea ndani ya faili na kuhesabu kilichomo. Amri hii, kama nyingine za chini, huandikwa kwenye dirisha la amri (Command Prompt kwa Windows, Terminal kwingineko):

qpdf mbovu.pdf mpya.pdf

Kilichofika kinaweza kuokoka. Ambacho hakikufika hakuna programu itakayokileta.

Kwa nini kwangu maandishi yanaonekana vizuri, kwa mwenzangu yanageuka visanduku au fonti nyingine?

Fonti haikupachikwa ndani ya faili. PDF inaweza kubeba fonti zake yenyewe, na kwa kawaida hubeba zile herufi zilizotumika tu ili isiwe nzito. Isipozibeba, kompyuta ya msomaji hutafuta fonti inayokaribiana, na hapo ndipo mambo huharibika. Toka mwanzo kulikuwa na fonti 14 ambazo kila kisomaji kilitarajiwa kuwa nazo, za jamii ya Helvetica, Times na Courier pamoja na mbili za alama. Nje ya hizo, kutopachika ni kubahatisha.

Fungua sifa za faili kwenye Acrobat Reader na utazame orodha ya fonti: iliyopachikwa huandikwa hivyo kando ya jina lake. Niliwahi kutuma maombi ya kurasa mbili niliyoyahangaikia wiki nzima, na nikaja kujua baadaye kwamba upande wa pili vichwa vyote vilionekana kama safu za visanduku. Tangu siku hiyo situmi PDF muhimu kabla sijaifungua kwenye kompyuta ambayo sikuitengenezea. Kurekebisha ni kazi ya mtengenezaji: arudi kwenye faili la asili na kuhifadhi upya akichagua PDF/A, aina ya PDF ya kutunzia kumbukumbu, ambayo hulazimisha fonti kupachikwa.

Nikinakili maandishi kutoka PDF napata takataka. Nifanye nini?

Takataka ziko za aina tatu, na kila moja ina chanzo chake.

Ya kwanza ni mistari inayokatika. Umenakili aya moja, ukiibandika inakuwa mistari kumi, kila mmoja ukiishia pale ulipoishia kwenye ukurasa, na maneno yaliyogawanywa kwa kistari mwishoni mwa mstari yamebaki vipande. Hapa PDF haijakosea. Ilipewa mistari kumi, nayo inakurudishia mistari kumi. Iunganishe kwa kutafuta na kubadilisha kwenye programu yako ya kuandikia.

Ya pili ni safu zinazochanganyika. Ukurasa una safu mbili kama gazeti, na ukinakili unapata nusu sentensi ya kushoto ikifuatwa na nusu sentensi ya kulia. Kisomaji kinakisia mpangilio kutokana na mahali pa herufi, na kimekisia vibaya. Kwenye Acrobat Reader, shikilia kitufe cha Alt huku ukiburuta kipanya, na utaweza kuchagua kisanduku cha safu moja tu. Kwa majedwali usijitese kwa kunakili; programu ya bure iitwayo Tabula hukuruhusu kulizungushia jedwali na kulitoa likiwa na safu zake kamili, tayari kwa lahajedwali kama Excel.

Ya tatu ndiyo ya kuudhi zaidi: ukurasa unasomeka safi kabisa, lakini ukibandika unapata alama zisizo na maana. Ndani ya PDF herufi inaweza kuhifadhiwa kama namba ya umbo tu, umbo la 17 au la 42 katika fonti ile. Ili kisomaji kijue kwamba umbo la 17 ni «m», lazima faili libebe jedwali la kutafsiri maumbo kuwa herufi. Jedwali hilo likikosekana au likiwa na makosa, jicho lako linasoma na kompyuta haisomi. Hakuna mpangilio wa kubadilisha upande wako. Njia iliyobaki ni kulichukulia faili kama picha na kulipitisha kwenye utambuzi wa maandishi, ambao ndio swali linalofuata.

Ninaliona neno kwa macho yangu, lakini nikilitafuta kwa Ctrl+F halipatikani. Kwa nini?

Karibu kila mara ni kwa sababu PDF yako ni picha. Mtu aliweka karatasi kwenye skana, na kilichoingia kwenye faili ni picha ya ukurasa. Jaribu kuchagua neno moja kwa kipanya; kama ukurasa mzima unageuka rangi kwa pamoja, au hakuna kinachochagulika, ndivyo ilivyo.

Unahitaji programu ya kutambua maandishi kwenye picha. Ya bure ninayoitegemea ni Tesseract, ambayo inakijua Kiswahili pamoja na lugha nyingine zaidi ya mia moja, na kwa PDF huitumia kupitia OCRmyPDF. Hiyo huiacha picha kama ilivyo na kuweka tabaka la maandishi yasiyoonekana mahali palepale pa maneno, hivyo hati inabaki na sura yake lakini inatafutika na kunakilika:

ocrmypdf -l swa skani.pdf tayari.pdf

Ile swa ni alama ya Kiswahili. Ukiacha kuitaja, programu hudhani ni Kiingereza na kukuletea makosa mengi yasiyo ya lazima. Skani kwa nukta 300 kwa inchi, ukurasa ukiwa umenyooka. Kisha isome hati upya kwa jicho lako, hasa majina na namba: utambuzi hukosea, na hukosea kwa kujiamini.

Faili langu ni kubwa mno kutumwa kwa baruapepe. Nalipunguzaje?

Piga hesabu kwanza, nayo itakuonyesha pa kukata. Ukurasa wa A4 ulioskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi una pikseli 2,480 kwa 3,508, yaani takriban milioni 8.7. Kwa rangi kamili, kila pikseli huchukua baiti tatu, jumla karibu megabaiti 26 kabla ya kubanwa. Kwa rangi ya kijivu ni 8.7. Kwa nyeusi na nyeupe tupu ni kama 1.1. Ukipandisha hadi nukta 600, vyote vinazidishwa mara nne. Mkataba wa maandishi matupu ulioskaniwa kwa rangi na nukta 600 ni mzigo usio na faida. Skani upya kwa kijivu na nukta 300, na tatizo litaisha lilikoanzia.

Kama karatasi huna tena, Ghostscript hupunguza picha zilizomo:

gs -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/ebook -o ndogo.pdf kubwa.pdf

Chaguo hilo hushusha picha hadi karibu nukta 150 kwa inchi, ambazo hutosha kusomea kwenye skrini. Kuifunga PDF ndani ya ZIP hakusaidii sana, kwa kuwa vilivyomo vimekwisha kubanwa.

Asili usiifute kamwe. Mwaka 2013 mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, aligundua kwamba baadhi ya mashine za Xerox za kuskani zilikuwa zikibadilisha tarakimu ndani ya hati, 6 ikigeuka 8. Njia ya kubana iitwayo JBIG2 ilikuwa ikichukua umbo moja na kuliweka mahali pa jingine lililofanana nalo. Kampuni ilitoa marekebisho, lakini zingatia kwamba kurasa zile hazikuwa na ukungu wala madoa. Zilikuwa safi, zinasomeka, na zina namba za uongo. Hati ya fedha, ya ramani au ya dawa inastahili kubaki na nakala isiyobanwa kupita kiasi.

Naweza kuhariri PDF kama ninavyohariri Word?

Unaweza, lakini ni kama kurekebisha ukuta uliokwisha kupakwa chokaa. Kubadilisha tarehe au kurekebisha jina lililokosewa kunawezekana. LibreOffice Draw hufungua PDF na kukuruhusu kugusa kila mstari. Kuongeza aya katikati ya ukurasa ni jambo jingine, kwa sababu hakuna cha kuisukuma aya iliyo chini yake. Word, kuanzia toleo la 2013, hufungua PDF kwa kuibadili kwanza kuwa hati ya Word. Barua rahisi hutoka vizuri, ila kurasa zenye majedwali na picha hutawanyika.

Njia ya kweli ni kurudi kwenye faili la asili, kulibadilisha huko, na kutoa PDF mpya. Ndiyo sababu nawasihi watu wahifadhi viwili pamoja. LibreOffice ina chaguo zuri ambalo wengi hawalijui: wakati wa kutoa PDF unaweza kuiagiza ipachike hati ya asili ndani ya PDF yenyewe. Msomaji anaona PDF ya kawaida, nawe ukiifungua kwa LibreOffice unaendelea kuandika.

Naunganishaje mafaili kadhaa, au kutoa kurasa chache tu?

Kwa Preview, buruta picha ndogo za kurasa kutoka dirisha moja kwenda jingine. Kwa Windows na Linux kuna PDF Arranger na PDFsam Basic, zote za bure. Tahadhari moja: usiunganishe wala kukata kwa kuchapisha kwenda PDF upya (Print to PDF) kama unaweza kuepuka, maana viungo na alamisho hupotea njiani. Tena, kuzungusha ukurasa kwenye kisomaji mara nyingi hubadilisha unavyoona wewe tu. Usipohifadhi mabadiliko kwa programu ya kupanga kurasa, utakayemtumia ataukuta umelala ubavu.

Vipi tovuti za bure za kuunganisha na kubadilisha PDF, ni salama?

Kwa tangazo au mashairi yako, sawa. Kwa kitambulisho, mkataba, cheti au taarifa za mgonjwa, mimi nakataa, na nakuomba nawe ukatae. Unapakia hati nzima kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua. Kila kazi niliyoitaja hapa inafanyika kwa programu za bure bila faili kutoka kwenye kompyuta yako.

Nimefunika namba ya simu kwa kisanduku cheusi. Sasa naweza kutuma?

Usitume bado. Kufunika si kufuta. Kisanduku kimechorwa juu; herufi bado ziko chini yake, na yeyote anaweza kuzichagua, kuzinakili na kuzibandika kwingine. Januari 2019, nchini Marekani, mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuwa meneja wa kampeni ya Donald Trump, waliwasilisha mahakamani PDF yenye sehemu zilizofunikwa kwa weusi, na waandishi wa habari walizisoma zote kwa kunakili na kubandika tu.

Kupunguza kingo za ukurasa kuna hatari ileile: sehemu uliyoikata imefichwa, haijaondolewa. Tena kuna tabia ya PDF ambayo watu wachache wanaijua. Faili linaweza kuhifadhi mabadiliko kwa kuyaongeza mwishoni bila kugusa ya mwanzo, hivyo sentensi uliyoifuta jana inaweza kuwa bado imo ndani. Zaidi ya hayo, sifa za faili hubeba jina la mwandishi, jina la programu na saa ya kutengenezwa.

Njia salama kabisa kwa asiye na programu maalumu: rudi kwenye hati ya asili, futa maneno yenyewe, andika alama yoyote mahali pake, kisha toa PDF mpya. Kama asili haipo, funika kwa weusi, geuza kila ukurasa kuwa picha, na utengeneze PDF kutokana na picha hizo. Kisha jipime: chagua kila kitu kwa Ctrl+A, nakili, bandika kwenye Notepad, usome. Jina la mtu likivuja, si wewe utakayeumia, ni yeye. Fanya kipimo hicho kila mara.

Nywila kwenye PDF inalinda kweli?

Ziko mbili, na watu huzichanganya. Nywila ya kufungulia husimba yaliyomo, yaani huyageuza yasisomeke bila nywila hiyo. Kwa mafaili mapya yanayotumia njia ya usimbaji iitwayo AES ya biti 256 na nywila ndefu, ulinzi ni wa kweli, na ukiisahau hakuna wa kukusaidia. Nywila ya ruhusa ndiyo ile inayozuia kuchapisha au kunakili huku faili likifunguka kwa kila mtu. Hiyo ni ombi tu kwa kisomaji. Kisomaji kiungwana hutii, kingine hupuuza. Usiitegemee kulinda siri.

Nywila ya kufungulia isiende kwenye baruapepe ileile iliyobeba faili. Mpigie mtu simu.

Kuna tofauti gani kati ya kubandika picha ya saini yangu na saini ya kidijitali?

Picha ya saini ni wino uliochorwa. Yeyote anaweza kuinakili. Saini ya kidijitali hupiga hesabu juu ya baiti za faili na kuifunga hesabu hiyo kwa ufunguo wa siri wa mtiaji saini. Kisomaji hurudia hesabu, na ikitofautiana hukuonya kwamba hati imeguswa. Hapa ile tabia ya kuongeza mwishoni inakuwa baraka, kwani mtu wa pili anaweza kutia saini bila kuivunja ya kwanza. Ukipokea hati ya namna hiyo, ihifadhi ilivyo. Ukiichapisha kwenda PDF upya, saini inabaki mchoro mtupu.

Nikichapisha, ukurasa unatoka mdogo kuliko ulivyo. Kwa nini?

Kisomaji kimechagua kuutosheleza ukurasa ndani ya karatasi. Chagua ukubwa halisi, yaani asilimia 100, hasa kwa ramani, michoro ya ushonaji na chochote kitakachopimwa kwa rula. Hakikisha pia karatasi ni ileile: karatasi ya Letter ya Marekani ni milimita 216 kwa 279, A4 ni 210 kwa 297. Herufi zikitoka zimeharibika kwenye karatasi ilhali kwenye skrini ziko sawa, chagua kuchapisha kama picha. Ni polepole, ila hufanya kazi.

PDF yangu itasomeka kwa mtu asiyeona?

Swali hili huulizwa mara chache kuliko linavyostahili. Kisoma skrini kinasoma kwa sauti, nacho kinahitaji kujua kipi ni kichwa, kipi ni aya, na kipi kinatangulia. Hayo ndiyo hasa PDF ya kawaida isiyoyajua. Dawa yake ni lebo: tabaka la ndani linaloeleza muundo wa hati. Kuna kiwango chake, PDF/UA, kilichotoka mwaka 2012.

Kazi yenyewe hufanyika kwenye hati ya asili. Tumia mitindo ya vichwa iliyomo kwenye programu badala ya kukoleza na kukuza herufi kwa mkono. Andika maelezo ya kila picha yenye maana. Taja lugha ya hati kuwa Kiswahili, la sivyo kisoma skrini kitayatamka maneno yako kwa lafudhi ya lugha nyingine. Kisha toa PDF kwa kuhifadhi au kuhamisha, ukiwa umeruhusu lebo; ukichapisha kwenda PDF, lebo kwa kawaida hazifiki. Niliwahi kuketi na mwenzangu asiyeona akisikiliza tangazo la kazi lililoskaniwa. Kompyuta ilimwambia neno moja tu, kwamba ukurasa ni mtupu. Tangazo lilikuwa na masharti kumi na mawili, na mengi alikuwa anayatimiza.

Nichague nini kwa hati ninayotaka kuitunza miaka mingi?

PDF/A. Ni PDF iliyowekewa masharti kwa ajili ya kumbukumbu, na kiwango chake cha kwanza kilitoka mwaka 2005. Fonti zote lazima ziwe ndani, usimbaji hauruhusiwi, na hati haitegemei kitu cha nje ili ionekane. Word na LibreOffice zote mbili hutoa PDF/A. Ni kisanduku kimoja cha kuweka tiki.

Kitabu cha PDF kinanichosha kukisoma kwenye skrini ndogo. Kuna namna?

Kuza hadi upana wa ukurasa na ufungue orodha ya alamisho pembeni. Namba zisikuchanganye: ukurasa wa 12 wa kitabu unaweza kuwa wa 26 wa faili kwa sababu ya kurasa za mwanzo. Kama kitabu hicho kinapatikana kwa EPUB, aina ya faili la vitabu vya kidijitali, chukua hiyo. EPUB hupanga mistari upya kufuata skrini yako, na kwa usomaji mrefu usiotegemea michoro inaishinda PDF kwa mbali.

Nimepewa faili la XPS, na jingine la DjVu. Haya ni ya nini?

Ni binamu za PDF. XPS ilitoka Microsoft, ikaja na Windows Vista. DjVu ilitengenezwa katika maabara za AT&T miaka ya 1990 kwa ajili ya vitabu vilivyoskaniwa, na bado utaikuta kwenye hazina za vitabu vya zamani kwa sababu ilibana kurasa hizo vizuri mno. SumatraPDF na Okular hufungua zote mbili. Unaweza kuzichapisha kwenda PDF, ila DjVu nyingi zina tabaka la maandishi yanayotafutika ambalo halivuki kwa njia hiyo, kwa hiyo baada ya kubadilisha ipitishe kwenye OCRmyPDF, na DjVu yenyewe ibakishe.